Ncha ya Pili ya Kitambaa

Niliolewa na mwanamke mzee, nikiwa na mtoto mgongoni. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mume katika habari hii, kwa maana hayumo. Kwetu Ukambani, mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume anaweza kuoa mke. Hupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana kama mwanamume yeyote, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Baba yangu alikubali upesi mno. Nilikuwa nimezalia nyumbani, mtoto mwenyewe msichana, na kwake tulikuwa midomo miwili iliyozidi kwenye sufuria.

Nilitoka milima ya Mbooni, kwenye baridi, migomba na vijito, nikateremshwa hadi upande wa Migwani ambako maji huchimbwa mchangani katika mto mkavu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Aliyenioa alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye wingu jeupe katika jicho moja, na maneno yake yalikuwa adimu kuliko mvua ya kule. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu siku ile ile, pamoja na punda wa kubeba maji, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Alichotaka ni mwana wa kiume. Kulikuwa na mtu wa ukoo wa marehemu mumewe aliyekuja kwangu kwa idhini yake. Mimba mbili ziliharibika, yule mtu akaacha kuja, nami sikumfuata. Mjane hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alinyamaza tu, tukawa tunakula kwenye moto mmoja, mtoto wangu katikati yetu, bila neno isipokuwa la kuombana chumvi. Nilingoja siku ya kuambiwa nifunge virago, kwa maana iweto asiyezaa ana kazi gani? Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo. Sikuwa mtoto wa nyumba ile, wala sikuwa mgeni. Siku hizo niliamini kwamba hakuna upweke mbaya kama wa kuishi na mtu asiyesema, kwa sababu unashinda umetega sikio.

Kitu kimoja tu alichokizungumzia kwa hiari kilikuwa nyuki. Mumewe alimwachia mizinga ya magogo iliyoning'inia mitini kote shambani, na kila msimu jirani mmoja alipanda kurina asali. Asali iliuzwa. Nta ilichemshwa, ikachujwa, ikagandishwa mikate ya manjano, ikawekwa chini ya kitanda chake. Mzinga mpya ukipakwa nta ndani, nyuki huinusa wakahamia. Usipopakwa, utaning'inia mtupu mpaka uoze. Kwa hiyo nta kwake haikuwa kitu cha kuchezea.

Basi kanisani, mke wa shemasi alirudi kutoka Machakos akiwa amejifunza kutengeneza batiki, akaanzisha kikundi cha akina mama katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Walihitaji nta, na mishumaa ya dukani peke yake haikutosha. Mtu akawaambia kwetu iko. Hivyo ndivyo nilivyoingia kikundini, na mkate mmoja wa nta ndani ya kiondo. Mjane alinipa bila kuniangalia usoni.

"Nta ni ya kuita nyuki," alisema. "Si ya kupaka matambara."

Lakini alinipa, na nilipoomba tena, akanipa tena.

Kazi yenyewe ni ya kinyume, na labda ndiyo sababu niliipenda, kwa kuwa hata mimi ni mtu wa kinyume. Fundi wa rangi wa kawaida hupaka pale anapotaka rangi. Sisi tulipaka nta pale tusipoitaka. Kwanza tulifua bafta nyeupe mpaka wanga wa kiwandani ukatoka, tukaianika, tukaitandaza juu ya meza iliyofunikwa magunia, tukachora kwa mkaa. Nta na vipande vya mishumaa viliyeyushwa pamoja kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya nyingine yenye maji, maana nta ikipata moto wa moja kwa moja huwaka, na mke wa shemasi tayari alikuwa ameacha unyusi wake mmoja huko Machakos. Tulichovya brashi tulizotengeneza kwa nyuzi za mkonge, tukapaka upesi kabla nta haijaganda. Nta ya moto hupenya hadi upande wa pili wa kitambaa. Iliyopoa hukaa juu juu tu, na rangi itapita chini yake. Kisha inakuja rangi nyepesi. Kisha unapaka nta tena pale unapotaka wepesi ule ubaki, halafu rangi nzito. Mwisho kitambaa huchemshwa kwenye debe la maji ya sabuni, nta yote ikatoka ikaelea, na maji yakipoa unaibandua juu ikiwa imeganda, tayari kwa kazi nyingine.

Rangi tuliyoithamini kuliko zote ilikuwa buluu. Unga wake ulichanganywa na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, na dawa nyingine iliyonuka kama yai viza, katika maji ya vuguvugu yasiyoweza kuyeyusha nta. Kitambaa kikiwa humo ndani hakina buluu hata kidogo. Kina rangi ya kijani ya kuchukiza, kama maji ya bwawa la ng'ombe. Ukikitoa tu hewani kinaanza kugeuka. Lakini lazima kitolewe na watu wawili, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile, wakivute kikunjuke chote kwa pamoja, hewa ikipate sawasawa. Ukikitoa peke yako kinajikunja, na penye mikunjo hubaki madoa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mara ya kwanza niliposhika ncha moja na mwanamke mwingine akashika ya pili, na buluu ikaja ikienea kutoka kwake kunijia, machozi yalinitoka. Walidhani ni ile dawa. Haikuwa dawa. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu ashike kitu kimoja pamoja nami.

Kisha ikaja siku ya nyuki. Mjane alikuwa na homa, hakuchemsha nta, nami nikabeba masega kama yalivyokamuliwa, nikijiambia moto wa kikundi utayasafisha. Kilikuwa kiangazi, maua hakuna, maji hakuna. Masega yalipoanza kuyeyuka, harufu ya asali ilitoka dirishani na nyuki wa tarafa nzima wakaipata. Wahenga walituambia fuata nyuki ule asali. Hawakutuambia la kufanya nyuki wakikufuata wewe. Akina mama walitoka kwa mlango na kwa dirisha, lesso zikabaki mezani, na mke wa shemasi akaumwa mdomo wa juu ukafura hata akashindwa kuomba. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, na hapo ndipo nilipojiponza.

Vicheko na vilio vikiisha, watu hutafuta wa kulaumiwa. Mmoja aliuliza hizo nyuki zimetoka boma la nani. Mwingine akajibu. Kisha wote wakanitazama.

"Na huyo mama mwenye nyuki ni nani yako?" mke wa shemasi aliniuliza, maneno yakipita kwa shida kwenye ule mdomo.

"Ni mwaitu," nilijibu. Kwetu ndiyo kusema mama, na ndivyo nilivyomwita mjane, kama wake wanavyomwita mama wa mume.

"Ni mama ya bwana yako?"

"Sina bwana."

Wote walikuwa wanajua. Migwani si London. Mke wa mwanamke mwenzake hafichiki. Lakini walikuwa wanajua kimyakimya, na sasa limetamkwa ndani ya chumba cha kanisa. Wazee wa kanisa wakapata habari kabla nyuki hawajatoka vizuri kwenye mabati.

Baada ya siku chache mke wa shemasi alinitembelea, mdomo bado umevimba, Biblia kwapani. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameniachia unga wa buluu wa kujaribia nyumbani, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine. Tulikaa nje, na mjane alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, akipeta ndengu.

"Hatukufukuzi, mama," alisema. "Lakini kikundi ni ya kanisa. Wazee wanasema mwanamke hawezi kuolewa na mwanamke. Unasimama tu mbele ya watu, unasema hiyo ndoa umeacha, unachukua mtoto wako unarudi kwenu. Halafu unabatizwa. Na hata ukiwa huko Mbooni, mimi nitakutafutia kikundi ingine. Uko na mkono mzuri sana."

"Nirudi kwa nani?"

"Si kwa baba yako?"

"Baba yangu ameshakula hao mbuzi na ngozi amekalia," nilisema.

Hakucheka. "Na hapa," aliuliza, "uko na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nyuma ya ukuta ungo ulinyamaza. Niliinuka nikamletea maji ambayo hakuyaomba. Mke wa shemasi aliniambia wananingoja Jumapili, akaenda zake.

Sikulala vizuri. Kulipokucha niliwasha moto, nikapasha maji, nikachanganya ule unga wa buluu. Nilikuwa na kitambaa kimoja kilichokwisha kupakwa nta, na nilitaka kukimaliza kabla ya kuamua, au pengine nilikitumia ili nisiamue. Nilikitumbukiza kwenye debe. Nilikuwa nimeinama, nakigeuza kwa mti, mjane aliposimama mlangoni.

"Nimesikia," alisema. "Nenda. Sitadai kitu kwa baba yako. Nyumba hii ilikuwa imefungwa kabla hujaja. Si wewe uliyeifunga."

Sikuinua kichwa.

"Wewe bado kijana," aliendelea. "Ukikaa hapa utazeeka na mimi. Halafu mimi nitakufa, na wewe uzeeke peke yako. Nenda nao."

Hasira iliyonipanda siwezi kuisimulia ikatosha. Muda wote ule nilingoja maneno kutoka kwake, na yalipokuja mengi kwa mpigo, yalikuwa ya kunifungulia lango. Nilikuwa na majibu ya kumpa, na hayakuwa ya heshima. Lakini kitambaa kilikuwa kimeiva kwenye rangi, na kitambaa hakingoji watu wamalize kugombana. Nilitafuta ncha zake mbili ndani ya debe. Moja nikaishika, nyingine nikamsukumia.

"Shika hapa, mwaitu. Vuta."

"Nishike nini?"

"Shika tu. Rudi nyuma. Vuta!"

Alishika. Akavuta kama anavyovuta kamba ya punda mkaidi, nusura nitumbukie kwenye debe. Kitambaa kilikunjuka kati yetu, kijani kibichi, kikidondoka, na hewa ikaanza kazi yake. Kwa lile jicho lake zima aliiona buluu ikianzia pembeni na kusogea katikati. Nilimwona akiitazama.

"Kinakasirika," alisema. "Mbona kinakasirika hivi?"

Nikacheka. Naye akatoa sauti fulani puani ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa kicheko. Jumapili sikwenda kusimama mbele ya watu, na Mbooni sikurudi. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Tulianika kitambaa kwenye ua, tukaenda kuchota maji.

Kazi nje ya kikundi ilikuwa na shida zake. Ile mishipa myembamba ya rangi inayotambaa kwenye batiki hutokea pale nta inapovunjika, na nta ya nyuki peke yake, katika joto la kule, haitaki kuvunjika. Ndiyo sababu kikundini tulichanganya na mishumaa. Mimi mishumaa sikuwa nayo tena, na pesa kidogo niliyopata iliishia kwenye unga wa rangi. Vitambaa vyangu vya mwanzo vilitoka vimelala, havina uhai, na mjane akavitazama akaguna. Alfajiri moja alinikuta nimeloweka kitambaa chenye nta katika maji ya mtungi yaliyolala nje, akakitoa kikiwa baridi, akakiminya kwenye ngumi zake ndefu kama alivyozoea kukamua masega. Tuliisikia nta ikilia. Tangu siku hiyo kuminya kukawa kazi yake. Mishipa yake ilikuwa mingi na ya kukaribiana. Yangu ilikuwa michache, ya woga. Hata leo ukiniwekea vitambaa vyetu mbele nitakuambia ni kipi kilipita kwenye ngumi za nani.

Nilivipeleka sokoni Migwani. Wake wa wenye maduka waliotoka kaskazini-mashariki, Waislamu waliokijua kitambaa kwa kukigusa tu, walipenda vya kahawia na kunung'unikia bei ya vya buluu. Wale wa kikundi cha kanisa walipita mbele ya meza yangu wakinisalimu kwa haraka. Mke wa shemasi alisimama kila mara, akashika kitambaa, akakirudisha.

Mimi na mjane hatukuanza kuongea, nisiwadanganye. Watu wawili wasiozoea kuongea hawageuki kasuku kwa sababu ya bafta. Lakini nilijifunza kumjua kwa jinsi anavyovuta. Akiwa na moyo mweupe alivuta kwa utaratibu na kulegeza kidogo mwishoni. Mgongo ukimuuma alivuta upande. Nikiwa nimemuudhi alivuta ghafla, nami nikamjibu vivyo hivyo kutoka upande wangu, tukawa tunagombana vizuri kabisa bila kuamsha mtu. Upweke haukuniisha. Ulipungua tu, na siku za rangi sikuuona.

Binti yangu alikua, akaolewa Emali, kwenye kelele za malori ya barabara ya Mombasa. Wiki aliyoondoka, mjane alivuta kitambaa mpaka kikachanika katikati. Tulisimama kila mtu na kipande chake. "Kilikuwa kibovu," alisema, na mimi nikasema ndiyo, kilikuwa kibovu.

Wingu likafunika na jicho la pili. Siku moja yule jirani mrina asali alikuja kuuliza aanze na mizinga ipi. Mjane alikuwa amekaa nje juani, miguu ameinyoosha.

"Muulize mwenye nyumba," alimwambia.

Jirani alinigeukia. Mimi nikageuka nyuma kuona ni nani amekuja. Hapakuwa na mtu. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi, nikakaa humo mpaka uso ukakauka, na yule jirani akaendelea kuningoja na kamba yake begani.

Hata alipokuwa kipofu kabisa, akisikia tu kifuniko cha debe alitoka akipapasa ukuta, akasimama mahali pake, mikono ameitanguliza mbele, akingoja kupewa ncha yake.

"Kimekasirika?" aliuliza.

"Kimekasirika, mwaitu."

"Vizuri."

Alikufa mchana mmoja wa kiangazi, ameegemea ukuta ule ule. Watu wa ukoo walikuja. Walibishana kama mimi nihesabiwe mke wa marehemu au mkwe wake, na nani atupe udongo baada ya nani. Niliwaacha wabishane. Nilikwenda ndani nikatoa kile kitambaa cha buluu cha kwanza tulichokivuta pamoja, ambacho sikuwahi kukiuza, nikataka kulifunika sanduku. Kilikuwa kirefu, sikukiweza peke yangu. Nilisimama nimeshika ncha moja, nyingine inaburuta vumbini, na watu wote wananitazama. Mke wa shemasi, ambaye hakuna kanisa lililomtuma, akatoka kwenye kundi la watu. Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo. Aliweka fimbo chini, akaiinua ile ncha. Tukamfunika mjane. Hakuniambia lolote juu ya ubatizo. Alivuta polepole, kwa adabu, na ni hapo ndipo nilipojua moyoni kwamba yule wangu amekufa.

Sasa tumo katika miaka ya tisini. Binti yangu anataka nihamie Emali. Anasema kuna maji ya bomba, kuna majirani, kuna wajukuu wa kunisumbua. Namwambia nitafikiri, naye anajua maana yake. Shamba ni langu na mizinga ni yangu. Nta naipaka mwenyewe. Mjane alisema nitazeeka peke yangu, na alisema kweli. Nilikuwa mjinga nilipodhani kuishi na mtu asiyesema ndio upweke.

Rangi bado natia. Pale alipokuwa akisimama nimechimbia nguzo, nikaipigilia ndoano mbili. Nanasa ncha ya pili pale, narudi nyuma na ncha yangu, kitambaa kinatoka kwenye debe na kukunjuka, na buluu inakuja bila doa. Ni nguzo nzuri. Haiumwi mgongo, haichelewi, mchwa bado hawajaigusa. Ila haivuti. Nikishakaza kitambaa, mimi hulegeza kidogo upande wangu, nikangoja.